Kilo za Mama Mkwe

Mume wangu anaujua uzito wa nusu ya watu wenye mali wa mji huu, na katika miaka kumi na mmoja ya ndoa yetu hajaniambia hata mmoja. Nimembembeleza, nimemnunia, nimempikia pondu, majani ya muhogo, yenye samaki wawili, wapi. Kuna jirani yetu hapa mtaani Mangobo, muuza vitenge, ambaye kila Jumapili baada ya misa hujishika kiuno na kutangaza kwamba amekonda. Nilijua kwamba mume wangu, Zéphirin, alikuwa amempima wiki moja mama huyo aliposafiri. Nikamwambia sitaki namba, nataka kujua tu kama kweli amepungua. Akanijibu, "Kilo ya mutu ni ya mutu, Benie," akaendelea kufungua majani ya kwanga yake, mkate wa muhogo.

Ndivyo alivyo, na nilikuwa nikimcheka. Sasa sicheki, na nitaeleza kwa nini, ingawa kila nikifika katikati ya habari hii uso hunichoma.

Zéphirin alikuwa mpimaji katika kampuni ndogo yenye ndege moja ya abiria kumi, inayoruka kutoka uwanja wa Simi-Simi kwenda Buta na Isiro. Aliyezoea ndege kubwa za Kinshasa anadhani mzani ni wa mabegi tu. Katika ndege ndogo mtu mwenyewe anapanda kwenye mzani. Begi lisizidi kilo kumi na tano. Mwili unakuja nao ulivyo, lakini lazima uandikwe, kwa sababu rubani anajumlisha vyote na kugawa viti, wazito mbele, wepesi nyuma mkiani. Kosea hapo, ndege haitakaa sawa.

Kabla yake, mpimaji alikuwa akisoma kilo kwa sauti, na wanaokaa kwenye benchi walikuwa wakicheka kama wako kwenye maonyesho. Zéphirin alipoingia alikata kipande cha katoni akakifunga kwenye uso wa mzani, hivi kwamba sindano aliiona yeye peke yake. Mtu anapanda, yeye anainama, anaandika, anasema, "Merci, pita." Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha huyu alikuwa amefunga mdomo. Kanali alipimwa hivyo, sista alipimwa hivyo, na mama yule wa vitenge pia.

Lakini usidhani upole ule ulikuwa ulegevu. Yeye ni mzaliwa wa Isangi. Baba yake alikuwa akipeleka mawese na ngazi, mikungu ya chikichi, kwa mtumbwi kwa mnunuzi mmoja, na Zéphirin akiwa mdogo aliona kidole cha mguu cha mnunuzi yule kikiinua sahani ya mzani kutoka chini. Alimwambia baba yake. Baba alimnyamazisha, kwani hakukuwa na mnunuzi mwingine. Tangu siku hiyo, aliniambia, akaapa kwamba mzani ukiwa mikononi mwake ataandika kile macho yake yameona, si zaidi, si pungufu. Akaandika hivyo miaka tisa. Watu wa Simi-Simi walikuwa na usemi wao: ukipimwa na Zéphirin, umepimwa. Hatuna nyumba ya matofali ya kuchoma, hatuna pikipiki. Jina hilo ndilo tulilokuwa nalo.

Mimi ni fundi wa kushona, na kwetu ni kwenye maporomoko ya mto, kwa Wagenia, watu wa uvuvi. Mama yangu, Marceline, ni mwanamke mdogo, shingo nyembamba, mikono yote mishipa kwa kazi ya kubanika samaki. Kwetu mkwe wa kiume na mama wa mke hawachezi. Hamtazami usoni, hali mbele yake, hamgusi mkono, na jina lake halitaji. Mama akiingia kwangu kwa mlango wa mbele, Zéphirin anatoka kwa mlango wa jikoni. Wakilazimika kusema, wanasema kupitia kwangu, hata kama sote watatu tumesimama uani. "Benie, umuambie mama asante kwa samaki." Na mama, hatua tatu kutoka hapo, ananiambia mimi, "Umuambie tuko pamoja." Vijana wa siku hizi wengi wameliacha jambo hilo, Zéphirin hajaliacha hata siku moja. Sidhani kama anaweza kukuambia mama yangu ana meno mangapi mbele. Mama alimpenda kwa hilo kuliko wakwe zake wote.

Basi dada yangu mdogo Nadia, aliyeolewa Isiro, akashika mimba baada ya miaka minane ya kungoja. Unaijua miaka minane ya mwanamke kwa watu wa mume? Mimba ilipofika mwezi wa nane, mama akasema anakwenda kumwosha mzazi na kumlisha, kama inavyopasa, na mimi nimsindikize. Binti yetu Emilie angebaki na baba yake. Hapo palikuwa pazuri. Ubaya ulianza tulipoanza kufunga mizigo.

Mama hakutaka kufika Isiro na samaki watatu kwenye mfuko. Wakati wa harusi ya Nadia watu wa mume walikuwa wamesema neno, kwamba hawa Wagenia wanajisifu kwa mto wao lakini wamekuja na bakuli moja. Mama alikaa na neno hilo miaka minane. Wiki tatu alibanika samaki kwa moshi wa polepole, akawageuza kwa mkono wake mwenyewe, akawabana wakawa bapa. Halafu wakaja shangazi, kila mmoja na kifurushi chake cha mjukuu: karanga za kusagwa, mafuta ya mawese kwenye chupa, vitenge, sabuni. Huwezi kumwambia shangazi yako kwamba ndege ina kipimo. Atakuuliza kama ndege inashindwa na sabuni.

Niliazima mzani wa kuning'iniza sokoni. Begi langu na la mama yalijaa kilo kumi na tano kila moja, na kwenye mkeka bado palibaki kilo ishirini na sita. Nikamwambia mama tuchague. Nikachukua samaki watano nikawaweka pembeni, akawachukua akawarudisha alipowatoa.

Hapo ndipo akili yangu ya ufundi ilipoanza kazi ambayo haikutumwa. Nilishona jupon, sketi ya ndani ya kitambaa kigumu, nikaitia mifuko kumi na minane kuizunguka, kila mfuko upana wa samaki bapa wawili. Nikashona na kibwebwe chenye vyumba vya chupa. Juu yake vingezungushwa vitenge sita, kimoja juu ya kingine. Mwili haulipiwi. Begi ndilo linalolipiwa.

Utasema, lakini mwili nao unapimwa. Ndiyo. Hapo ndipo penye aibu yangu. Nilijua kwamba mume wangu hawezi kumpandisha mama yangu kwenye mzani. Kumwambia mama mkwe "panda," kuinama miguuni pake, kuandika uzito wa mwili uliomzaa mke wake? Afadhali ungemwambia aogelee maporomoko. Heshima yake niliiona kama mfuko wa kumi na tisa.

Yeye mwenyewe alikuwa amelifikiria jambo hilo, na kwa unyofu. Wiki moja kabla, tukila, aliniambia, "Benie, mama aende siku ya Alhamisi. Alhamisi Rolly iko ku mzani, mimi nitakuwa ku mabegi. Rolly atamupima muzuri, hakuna haya."

Rolly ni mwenzake wa kazi, kijana asiye na mama mkwe. Rolly angempandisha mama, angeona. Nikamjibu bila kuinua uso kwenye sahani, "Tumbo ya Nadia haingoje Alhamisi. Tunaenda Jumanne." Tumbo la Nadia lilikuwa na wiki tatu bado. Zéphirin akasema, "Bon. Kama ni hivyo." Hakuuliza tena, kwani wakati huo nikimwambia kitu alikuwa anakichukua kama kilivyo.

Jumanne alitoka alfajiri kwenda kazini. Mama akaja saa kumi na mbili na nusu, akasimama kwenye chumba changu cha kushonea mikono juu, nikamfunga. Nilifunga vizuri, lazima niseme. Nilivuta kamba nikakaza, nikajaza mifuko upande huu na upande huu asije akainama, nikamzungushia vitenge. Mama alicheka, nikacheka. Alikuwa na uso wa mtu mwembamba juu ya kiuno cha mke wa gavana. "Nadia atajua mama yake amefika," akasema. Tulipotoka nikaita toleka, baiskeli za abiria, mbili. Yangu ilienda vizuri. Kijana wa toleka ya mama alipokanyaga pedali mara ya kwanza aligeuka akamtazama, akatazama gurudumu, akamtazama tena. "Mama," akasema, "uko na batu wangapi humo?" Mama akamwambia aendeshe.

Simi-Simi hakuna jumba kubwa. Kuna kibanda cha bati chenye ukuta hadi kiunoni, benchi mbili, mzani, na nje uwanja na ndege yenyewe. Abiria tulikuwa kumi. Zéphirin alikuwa amevaa fulana yake ya kazi, karatasi kwenye ubao mkononi. Alipima mmoja mmoja: merci, pita, merci, pita. Mimi nilipanda, akaandika, hata mimi hakunionyesha. Kisha ikawa zamu ya mama.

Mama alisimama mbele ya mzani. Zéphirin akainamisha macho kwenye karatasi yake yakabaki huko. Masikio yalikuwa yamemwiva. Kibanda kizima kilikuwa kinamtazama mama: mzee mmoja mwenye kofia aliacha kutafuna, vijana wawili kwenye benchi wakapigana viwiko. Kila mtu aliona kwamba kichwa kile na kiuno kile havikuzaliwa pamoja. Ni mtu mmoja tu ambaye hakuona, na ndiye aliyekuwa ameajiriwa kuona.

"Benie," akaniambia polepole, "mama iko na kilo ngapi? Walishamupima fasi yoyote?"

Alikuwa ananiomba nimwokoe. Nikajibu haraka, "Ku centre ya afya, mwezi jana. Cinquante-quatre."

Hiyo namba ilikuwa ya kweli. Nilijituliza kwa hilo, kwamba sikudanganya, mama alipimwa kweli na alikuwa na hamsini na nne. Kumbe mtu anaweza kudanganya kwa namba ya kweli, na uongo wa namna hiyo ndio unaotoka mdomoni kwa urahisi kuliko wote. Zéphirin akaandika. Miaka tisa hakuwahi kuandika kitu ambacho macho yake hayakukiona, na siku hiyo akaandika neno la mke wake. "Merci mama," akasema kwa karatasi, "mupite."

Na kwa kuwa hamsini na nne ilikuwa namba ndogo kuliko zote, mama alipewa kiti cha nyuma kabisa, mkiani.

Tulipanda. Mama alipanda kwa shida, mzee yule wa kofia akimsukuma kiwiko kwa adabu. Rubani alikuwa akizunguka ndege kuikagua kabla ya kuwasha injini. Alipofika mbele akasimama. Akaangalia gurudumu la mbele, akaenda nyuma, akaangalia mkia, akarudi mbele. Akachukua karatasi kwa Zéphirin akasoma, kisha akafungua mlango na kusema sote tushuke.

"Karatasi inasema ndege iko sawa," akasema. "Ndege yenyewe inakataa, mukia unashuka. Tunapima tena, batu na mabegi."

Tukarudi kibandani, jua limeshapanda. Mabegi yalipimwa kwanza, yakatoka sawa yote, kilo kwa kilo. Nilimwona Zéphirin akifuta jasho, na nikajua anachofikiria, kwamba katika karatasi yake yote kulikuwa na namba moja ambayo hakuiona. Akaja hadi nilipokuwa, akasimama kando yangu kama mtu anayetazama uwanja.

"Benie. Ile chiffre ya mama."

"Iko sawa," nikasema.

"Uko sûr?"

"Mimi nakuambia iko sawa."

Hiyo ndiyo mara ya pili, na ndiyo inayoniua. Ya kwanza naweza kusema nilishikwa na haraka. Hii ya pili nilikuwa na nafasi. Alikuwa amekuja mwenyewe kunifungulia mlango. Ningemnong'oneza neno moja, angekwenda kwa rubani kabla hajaulizwa, akasema mama huyu sikumpima, tumpime. Angeonekana mtu wa kweli kama siku zote. Nilidhani nini? Nilidhani pengine rubani atachoka, pengine watagundua ni begi la mtu mwingine. Nilikuwa nawaonea huruma samaki. Akaitikia kwa kichwa, akarudi mahali pake akiwa amepumua.

Rubani aliing'oa ile katoni. Akaugeuza mzani, uso wake ukatutazama sote, akaanza kutupandisha kwa mpangilio wa karatasi, akisoma kwa sauti. Mama mmoja wa Buta, aliyekuwa mbele yangu, alifunga macho. Mimi nilitoka sawa. Mama akawa wa mwisho. Alinitazama, nikatazama viatu vyangu. Akapanda.

"Quatre-vingts," rubani akasoma, themanini. Akatazama karatasi. "Hapa imeandikwa cinquante-quatre."

Watu kwanza walicheka. Kisha wakaona uso wa rubani, wakaacha.

"Zéphirin, nani alimupima huyu mama?"

"Mimi, commandant."

"Ulimupima?"

"Hapana. Niliandika tu."

"Chiffre ulitoa wapi?"

Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Ulimi ulikuwa kinywani mwangu, mzima, hauna ugonjwa. Zéphirin hakugeuka kunitazama, wala hakunipa hata upande wa uso wake.

"Kwa kichwa yangu," akasema.

Rubani akamwambia, mbele ya watu wote, kwamba watu kumi wangekufa kwa kichwa hicho. Alisema hakuna haja ya mpimaji anayekisia, sokoni wako wengi. Zéphirin alisikiliza amesimama wima. Nami nilisikiliza pia.

Kisha rubani akamwambia mama: atoe alichobeba au abaki. Kulikuwa na ofisi ndogo nyuma ambayo mama angeweza kuingia, lakini mwenye ufunguo hakuwepo, na rubani alikuwa anaangalia saa. Mama yangu akasimama pale katikati, akafikiri, nadhani, juu ya Nadia. "Mutoto wangu anazaa," akasema, si kwa mtu yeyote. Akaanza kufungua kitenge cha kwanza.

Zéphirin alitembea hadi kwenye nguzo ya pembeni, akaigeukia, akaweka paji la uso juu yake. Hakuweza kutoka nje, kwani rubani alikuwa bado ameishika karatasi na hajamruhusu. Kwa hiyo alisikia yote. Alisikia vitenge sita vikianguka kimoja kimoja, chupa zikigonga sementi, na samaki. Nilipiga magoti nikawapokea. Kila nilipochomoa mmoja nilijua mshono niliokuwa nimeutia. Mama alibaki na jupon na blauzi mbele ya wanaume wasiomjua, na mkwe wake yuko hapo hapo, mgongo tu ukiwatenganisha. Mama hakulia. Nilimsaidia kufunga kitenge kimoja upya, na aliponitazama hakunitazama kama mwanaye.

Rubani alisema hana imani tena na hesabu ya siku hiyo, anataka apunguze mtu mmoja kabla ya kuruka. Nikasema nitabaki mimi. Watu walidhani ni wema, na mzee wa kofia alinisifu. Ukweli ni kwamba nisingeweza kukaa saa nzima hewani karibu na mama yangu. Aliondoka na begi lake la kilo kumi na tano na mwili wake wa hamsini na nne. Mimi nikarudi Mangobo na samaki.

Nadia alizaa wiki tatu baadaye, mtoto wa kike, wote wazima. Watu wa mume walimpokea mama kwa adabu, na hakuna aliyeuliza habari ya samaki, jambo ambalo mama alisema ni baya kuliko kuulizwa.

Zéphirin hakufukuzwa. Aliondolewa kwenye mzani akapewa kazi ya kusukuma mabegi hadi kwenye ndege. Mzani ukapewa Rolly, na Rolly hajarudisha katoni. Hapa Mangobo vijana waliokuwa wakimsalimu kwa heshima wakawa wanamwita kutoka ng'ambo ya barabara, "Papa mzani, mukwe iko na kilo ngapi leo?" Anapita. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hakuna kati yao aliyejua kwamba katika habari hii nguo nilishona mimi.

Siku ya nne nilimwambia kwamba nitakwenda kwa rubani nimweleze kwamba namba ilitoka kwangu. Alikuwa anafunga kamba za viatu. "Utamuambia nini?" akaniuliza. "Kama niliuliza bibi yangu? Kazi yangu haikuwa kuuliza, Benie. Ilikuwa kupima." Hakupandisha sauti. Ningefurahi kama angenipiga maneno siku mbili mfululizo, kwani maneno mimi nayaweza.

Mama aliporudi, mambo ya mila yakawa bado. Kwetu, mkwe akiwa mahali ambapo mama wa mke amevuliwa, hata kama amegeuka, hata kama si kosa lake, anapeleka kuku na kitenge kwa familia, anasema amekosa, na mambo yanaisha. Zéphirin hakungoja kuitwa. Alinunua kuku jike mweupe na kitenge kizuri, akaniambia tufuatane. Nilibeba kitenge, yeye alibeba kuku.

Kaka mkubwa wa mama yangu, tonton, alitupokea uani. Mama alikuwa chumbani, nyuma ya pazia. Zéphirin akasimama, akaweka kuku chini, akasema maneno yanayotakiwa: "Nilikosa kwa mama. Nilikuwa fasi ambayo sikupashwa kuwa. Munisamehe." Tonton akaitikia. Nyuma ya pazia mama alikohoa, na kikohozi hicho ndicho jibu lake. Ikawa nimkabidhi tonton kitenge, na mikono yangu ikakataa. Nikasema, "Tonton, yeye hakukosa kitu. Ni mimi. Mimi nilishona, mimi nilichagua siku, aliniuliza mara mbili na nikamudanganya mara mbili."

Nilifikiri patakuwa na kelele. Tonton alinyoosha mkono akachukua kitenge.

"Tunajua, Benie," akasema. "Mama yako alituambia yote. Kaa chini."

"Sasa mimi nilete nini?"

Akafikiri kweli, ni mtu wa haki. Akawatazama wazee wengine wawili, wakatikisa kichwa. "Kwa mukwe iko kuku," akasema. "Kwa bibi mwenye kufanyia bwana yake hivi, bankoko, wazee wetu wa zamani, hawakutuachia kitu." Akaagiza kuku akachinjwe. Tulikula, Zéphirin akiwa uani, mama ndani nyuma ya pazia. Wao wawili wakawa wamemaliza. Mama ameanza tena kuniambia, "Umuambie tuko pamoja."

Juzi Emilie alipata homa. Zéphirin alirudi kutoka kazini mchana akamkuta amelala kwenye mkeka, nikimpangusa kwa kitambaa cha maji. Akaniuliza kama nimempa dawa. Nikamwambia ndiyo, vidonge viwili, saa sita. Akaitikia, akasema vizuri, akavua kofia. Kisha akaenda kwenye kabati, akatoa ile pakiti mpya ya vidonge, akaisogeza dirishani penye mwanga, akahesabu nafasi zilizokuwa tupu. Hakuwa na hasira wala hakujificha. Zilikuwa mbili, kama nilivyosema. Akairudisha pakiti mahali pake, akaja akakaa upande wa pili wa mtoto.